Simu ya Mgeni Dodoma: Programu Zinazomfaa na Zinazobaki Kuwa Pambo

Mgeni akishuka kwenye bajaji mlangoni kwangu, kabla hajauliza chumba chake kiko wapi, anauliza nywila ya Wi-Fi. Mzungu, Mhindi, Mkenya, hata Mtanzania mwenzangu aliyetoka Mwanza kufuatilia faili lake wizarani, wote ni walewale. Nina nyumba ndogo ya wageni Area D, na mdogo wangu wa kiume ana Prado ya zamani anayowapelekea wageni Kondoa, Mtera na kwingineko. Kwa hiyo simu za wageni nimezishika sana. Nimeombwa nizitafutie mtandao, nimepokea simu za madereva waliopotea, nimesoma meseji ambazo wenyewe hawakuzielewa.

Wengi wao huja na simu zimejaa. Mtu ameketi kwao huko wiki nzima, akasoma kila orodha ya programu za msafiri, akapakua zote. Akifika hapa anatumia nne au tano, nyingine zinabaki kula chaji. Kwa nilivyoona, programu inayomfaa mgeni huku kwetu ama inafanya kazi mtandao ukikata, ama wenyeji wenyewe wanaitumia kila siku. Ikikosa yote mawili ni pambo, hata iwe na nyota tano.

Laini nayo ina mambo yake. Siku hizi kuna eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomeka, mgeni anainunua kabla hajapanda ndege, kupitia programu kama Airalo, na akitua Dar es Salaam anakuwa hewani tayari. Ni nzuri kwa siku ya kwanza. Shida ni kwamba nyingi ya hizo ni data tupu, hazina namba ya Tanzania. Bodaboda hawezi kukupigia, na pesa kwa simu huwezi kufungua. Kwa anayekaa zaidi ya siku mbili tatu, mimi humwambia atafute laini ya hapa. Mgeni husajiliwa kwa pasipoti yake pamoja na alama za vidole, na mahali salama pa kufanya hivyo ni dukani kwa kampuni yenyewe, si kwa kijana wa mwavuli, ingawa vijana wa mwavuli wana lugha tamu. Ukishasajiliwa piga *106# uone namba zipi zimeandikwa kwa jina lako. Ukikuta namba usiyoijua, rudi dukani palepale kabla hujaondoka mjini.

Na laini ikishawaka, haichukui muda kabla ya kuingia ule ujumbe wetu maarufu: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Sisi tumeshazoea, tunafuta na kuendelea na chai. Lakini binti mmoja wa Kiholanzi alinifuata jikoni uso umemshuka, simu mkononi, akidhani ni mimi ninayemdai. Alikuwa ameshaupitisha ujumbe kwenye programu ya kutafsiri, na tafsiri ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba ni utapeli. Tangu hapo ni jambo ninalomwambia mgeni wakati nampa funguo.

Sasa ramani, maana hapa ndipo penye mambo.

Watu wengi, na si wageni peke yao, wanaamini kwamba bila bando simu haijui iko wapi. Si kweli. Kipokezi cha GPS kilichomo ndani ya simu kinasikiliza setelaiti moja kwa moja, hakihitaji bando wala mnara. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani yenyewe. Ndiyo maana mtu akitoka nje ya mji anaona kile kitone cha bluu kikitembea katikati ya ukurasa mtupu wa kijivu. Simu inajua ilipo, ila haina karatasi ya kuchorea. Dawa yake ni kupakua ramani ya eneo lote ukiwa bado kwenye Wi-Fi. Google Maps inakuruhusu, lakini ijue mipaka yake: ikiwa nje ya mtandao itakupa maelekezo ya kuendesha gari tu, ya kutembea kwa miguu haitoi. Kwa anayekwenda porini au milimani, hicho ndicho alichokuwa anakihitaji.

Safari moja ya Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, tulikuwa na wageni wawili garini, mwalimu mstaafu wa Kijerumani na kijana wa Kanada aliyekuwa na simu mpya inayong'aa. Barabara kutoka Dodoma kupitia Chemba hadi Kondoa ni lami, mtandao unakuja na kuondoka, hakuna wa kulalamika. Tulipoiacha lami pale Kolo na kuanza kupanda kwenye njia ya mawe, simu ya kijana ikabaki na kitone chake na ukijivu. Mzee akatoa ya kwake, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, akafungua Organic Maps. Alikuwa ameipakua Tanzania kabla hajatoka kwao. Akabana na kupanua kwa vidole viwili, na hapo ikaonekana njia ya miguu kwa vistari vyembamba vilivyokatikakatika, korongo la msimu kwa rangi ya bluu, hata vibanda vilivyokuwa mbele yetu. Kijana alinyamaza. Jioni ile tuliporudi alikuwa amekaa barazani kwangu, ameng'ang'ania Wi-Fi, anaipakua.

Programu hiyo ni ya bure, haina matangazo, na ramani zake zinatoka OpenStreetMap, ule mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004 ambao kila mtu anaweza kuchangia kuchora. Hapa Tanzania watu wamechangia sana. Kazi ya Ramani Huria iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015 iliwaingiza wanafunzi na wakazi mitaani kuchora mitaa yao, lengo likiwa kukabili mafuriko. Wageni hawalijui hilo, nami hupenda kuwaambia, kwa sababu wengi hudhani ramani nzuri lazima imechorwa Marekani.

Ila nisiisifie kupita kiasi. Pale Kolo unaandikisha ofisini na kupewa mwongozaji wa kupanda naye, na mwongozaji wetu alipooneshwa ile njia kwenye simu aliitazama kidogo, akamrudishia mzee. "Hiyo njia ilikuwepo," akasema. "Mvua iliichukua." Akatupitisha upande mwingine, juu ya majabali, hadi chini ya mwamba wenye michoro: watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, vichwa vimetuna, na wanyama ambao ukikazia macho unawatambua. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey alikuwa ameshainakili sehemu yake tangu mwaka 1951, akiwa amekaa siku nyingi chini ya majabali hayohayo na karatasi zake. Hakuna programu ya simu itakayokuonesha mchoro upi uko juu ya upi. Hilo linataka mtu aliyekulia pale, na umlipe vizuri.

Mjini nako ramani ina vituko vyake. Dodoma inajengwa kila siku. Barabara iliyokuwa vumbi mwaka juzi leo ni lami ya njia mbili, na kiwanja cha jana leo kina ghorofa. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba zetu zina vibao vya namba na mitaa ina nguzo za majina, na serikali ina programu yake ya NaPA ya kutafutia anwani hizo. Kazi nzuri. Lakini mwambie bodaboda jina la mtaa na namba ya nyumba, atakuangalia tu, kisha atakuuliza, "Dada, karibu na nini?" Karibu na kanisa gani, shule gani, duka la nani. Kwa hiyo mgeni wangu nampa vitu viwili: lokesheni kwenye WhatsApp, na alama tatu za kusema kwa mdomo. Lokesheni ni ya mgeni mwenyewe ajue hapelekwi siko, alama ni za dereva.

WhatsApp yenyewe sina haja ya kuisifia, kila mtu anayo. Niseme tu kwamba hapa ndiyo ofisi. Mwenye gari, mwongozaji, fundi, hoteli ya Iringa unakopitia ukienda Ruaha, wote utawapata humo haraka kuliko kwa barua pepe. Nimewahi kuona mgeni anasubiri jibu la barua pepe kutoka kwa mwenye kambi, siku zinapita. Nikamwambia mtumie ujumbe wa sauti, mfupi, anza na salamu. Jibu lilikuja kabla chakula hakijaiva.

Kwa usafiri wa mjini, programu za kuita gari kama Bolt zinasaidia kwa jambo moja kubwa: mgeni anaona bei kabla hajapanda, basi hakuna kuvutana. Dereva atapiga simu hata kama ramani inamwonesha ulipo, na atauliza kama unalipa taslimu. Usikasirike, ndiyo desturi. Mpe simu mwenyeji yeyote aliye karibu aongee naye. Treni ndiyo imebadilisha kila kitu. Tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ifike Dodoma mwaka 2024, wageni waliokuwa wanafika kwangu usiku wa manane wamechoka na basi sasa wanafika wakiwa na nguvu za kwenda kula nyama choma. Tiketi inakatwa mtandaoni kwenye mfumo wa TRC, shirika letu la reli, kwa jina na namba ya kitambulisho. Mgeni aweke namba ya pasipoti vilevile ilivyo, na pasipoti yenyewe aje nayo stesheni. Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilianza kwa shilingi 31,000. Na mtu atazame vizuri anakoelekezwa na ramani, kwa sababu stesheni ya reli ya zamani iko katikati ya mji na ile ya SGR iko kwingine. Mabasi nayo ni stendi kuu ya Nanenane, nje kidogo kwenye barabara ya Dar.

Nije kwenye hela. Mgeni anakuja na kadi, anadhani atagusisha kila mahali. Kwenye hoteli kubwa sawa. Soko la Majengo, kwa mama anayeuza zabibu, kadi haina kazi, lakini chini ya mizani yake kuna kibao cha plastiki chenye Lipa Namba, namba ya kumlipa kwa simu, kimefungwa kwa waya kwenye mguu wa meza kisiibwe. Ndiyo sababu nasisitiza laini ya hapa. Ukiwa na M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas ambayo zamani tuliita Tigo Pesa, au HaloPesa, unanunua zabibu, unalipa bajaji, unamtumia mwongozaji chochote. Kampuni zina programu zake nzuri za simu janja, zenye picha na rangi. Lakini zile menyu za kupiga namba, mfano *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel, hazihitaji intaneti kabisa. Mnara ukiwepo hata kwa vijiti viwili, malipo yanapita. Wageni hushangaa. Mjerumani wangu yule aliniambia kwao bado kuna mikate inayonunuliwa kwa sarafu tu.

Ninachowafundisha ni kusoma jina. Ukiingiza namba, jina la mpokeaji linatokea kabla ya kuweka namba ya siri. Lisome, mwulize mama, "Ni wewe huyu?" Akisema ni mume wake au kaka yake, sawa, mara nyingi ni kweli. Akisita, rudisha simu mfukoni. Ada za serikali zina njia yake nyingine: unapewa ile namba ndefu ya malipo inayoanza na 99, unailipa kwa simu hiyohiyo, risiti inaingia. Mtu wa ofisini akikwambia umpe mkononi ili mambo yaende haraka, omba namba.

Programu ya kubadilisha fedha kama XE inafaa kwa siku za mwanzo, mpaka kichwa kizoee sifuri za kwetu. Inahifadhi viwango vya mwisho ilivyopata, hivyo hata bila mtandao itakupa makadirio. Na mgeni asikubali kutajiwa bei kwa dola mtaani. Kanuni zilizoanza kutumika mwezi Machi 2025 zinataka bei na malipo ya ndani ya nchi yawe kwa shilingi. Wapo wanaojisahau, hasa wakiona ngozi nyeupe.

Kutafsiri: Google Translate, na Kiswahili kimo kwenye lugha zinazoweza kupakuliwa zikafanya kazi bila intaneti. Mgeni akiipakua kabla, anaelewana na mama ntilie, anasoma tangazo ukutani kwa kamera. Kwa sentensi fupi iko vizuri, kwa mzaha inapotea kabisa. Kule Kolo kijana wa Kanada alimwelekezea simu bibi mmoja aliyekaa nje ya nyumba yake, akasema maneno yake, simu ikatoa Kiswahili kizuri cha redioni. Bibi akaisikiliza kwa adabu, kisha akajibu kwa Kirangi, maneno mengi, simu ikabaki inazungukazunguka. Mdogo wangu akamwamkia shikamoo, wajukuu wakaitwa, na mazungumzo yakapita kwa mtoto wa darasa la sita. Kirangi hakimo humo, wala Kigogo.

Kuna programu moja ambayo nilidhani ni ya watu wenye muda wa kuchezea, sasa nimeiweka kwenye simu yangu mwenyewe. Inaitwa Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, ya kutambulia ndege. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anakaa barazani asubuhi na kikombe chake, anajaza majibu: ndege ana ukubwa gani, ana rangi zipi, anafanya nini. Unapakua kifurushi cha eneo mara moja, basi, intaneti haihitajiki tena. Siku moja akaniita kwa ishara nisitembee kwa kelele. Juu ya mti wa jirani walikuwa wale kasuku wadogo wa kijani, uso mweusi, ukosi wa njano, mdomo mwekundu, ambao nimewaona tangu utotoni nikiwahesabu kama kelele za asubuhi. Akanisomea kwamba makazi yao ya asili ni Tanzania. Watu wanapanda ndege kuja kuwaona, nami nilikuwa nawafukuza wasile mtama niliouanika. Sasa wageni wapenda ndege nawaambia mapema: leteni Merlin, na kaeni upande wa mashariki wa baraza.

Mengine nayapita haraka. Viza iombwe kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe, visa.immigration.go.tz. Tovuti za kuigiza zipo nyingi na zinatoza zaidi, hivyo tazama mwisho wa anwani uone ".go.tz". Wanaotumia VPN, zile programu za kuficha mtandaoni simu iko wapi, wajue kwamba mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watoe taarifa, basi mwenye kuihitaji kwa kazi ashughulikie hilo. Picha ya pasipoti na ya viza iwe ndani ya simu na nakala iwe kwa mtu wa nyumbani, maana simu huporwa. Usitembee ukiangalia ramani kandokando ya barabara wakati pikipiki zinapita. Simama ndani ya duka, soma, weka mfukoni, tembea. Kipengele cha kuitafuta simu iliyopotea kiwashwe kabla, si baada. Polisi ni 112, zimamoto 114. Soketi zetu ni za pini tatu za mraba, za Kiingereza, na jua la Dodoma likiikuta simu kwenye dashibodi itajizima kwa joto, kwa hiyo benki ya chaji iwe kwenye begi na simu iwe kivulini.

Zile programu za kusoma maoni ya migahawa sizipendi, niseme wazi. Kwa Dar au Arusha pengine zina maana. Kwa hapa zitakupeleka sehemu ileile wanayokwenda wageni wote, chakula kinachukua saa nzima na bei ni ya wageni. Mnada wa Msalato hautautambua kwa nyota, utautambua kwa moshi. Ukitaka mlenda na ugali wa uwele, muulize dada anayefagia chumba chako anakula wapi mchana.

Siku ya kuondoka ndiyo wengi husahau. Mtu anapanda treni akiwa na salio kwenye M-Pesa, elfu thelathini, elfu hamsini, na akishavuka mpaka ile hela hana namna rahisi ya kuitumia. Nawakumbusha usiku wa mwisho: kaitoe kwa wakala, au lipia bili yangu nayo, nitashukuru. Wengine hutaka kumwachia dereva laini yenyewe kama zawadi, na hapo nakataa kabisa, hata dereva akiwa mdogo wangu. Laini hiyo imesajiliwa kwa pasipoti na vidole vya mgeni. Lolote litakalofanywa na namba ile litaandikwa kwa jina lake. Aivunje, au aende nayo kwao.